Miche ilikuwa tayari, sisi hatukuwa

Jumamosi moja, msimu uliopita, Mama alisia mbegu zote za maua alizokuwa nazo. Zinia, snapidragoni, statisi, selosia, zote siku moja. Trei hamsini zenye matundu 72 kila moja, jumla miche 3,600 ikiota yote. Jioni tulisimama mlangoni mwa kitalu tukizitazama trei zimejipanga, udongo mweusi umelowa vizuri, na kila mmoja akaona kazi kubwa imekwisha.

Wiki nne baadaye zinia zilikuwa zinaomba kutoka. Matuta yalikuwa bado na magugu ya kufika gotini. Wiki ya saba ndipo tulipopata tuta la kwanza safi, na wakati huo ukichomoa mche wa zinia kwenye tundu lake unakuta mizizi imejizungusha kama uzi kwenye kibiringo. Baadhi ilikuwa imeshafungua ua dogo kama kifungo cha shati, humo humo kwenye trei. Snapidragoni zilizosiwa siku ile ile ndiyo kwanza zilikuwa nyembamba kama nyuzi.

Tulipandikiza hivyo hivyo. Zinia zikatoa mashina ya sentimita ishirini na kitu, wakati wauza maua waliokuwa wakitusubiri walitaka kuanzia 45. Anayenunua maua ya kukata hutazama shina kabla ya ua, kwa sababu shina fupi haliingii kwenye shada lake hata ua lingekuwa zuri namna gani. Halafu zilipopata nguvu, zilichanua zote kwa pamoja. Wiki tatu tulikata mpaka giza, ndoo zikatuishia, maua mengine yakazeekea shambani. Na zinia isiyokatwa inatunga mbegu na kupunguza kuchanua, kwa hiyo uchovu wetu wenyewe ukatufungia bomba. Baada ya hapo, mwezi mzima wa kijani kitupu.

Naandika kisa hiki kwa sababu mwaka huu tumeandaa msimu kwa namna nyingine, na njiani tumegundua kwamba tulikuwa tunabishana juu ya tatizo lisilokuwepo.

Nani ni nani

Shamba ni la wazazi wangu. Lina matuta 24, kila moja mita 20 kwa mita 1.2, na njia za sentimita 50 katikati. Wanaofanya kazi ni Baba, ambaye mgongo wake haumruhusu kuinama zaidi ya saa tatu kwa siku, Mama, kaka yangu, mwenye ajira kwingine na anayepatikana jioni na Jumamosi, na wifi yangu, mwenye mtoto mdogo. Mimi naishi mbali nao. Kazi yangu ni daftari na simu, na kulaumiwa kwamba naongea sana kwa mtu asiyeshika jembe.

Tulipokaa kikao baada ya msimu kwisha, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alisema ardhi imechoka, iongezwe samadi. Mama alisema mbegu zilikuwa za zamani. Kaka akasema ni maji, mwisho wa matuta maua yalikuwa mafupi kuliko mwanzo. Wote walikuwa na ukweli kidogo, na kila ukweli ule ulitupotezea muda, maana ungetupeleka kununua kitu.

Wifi alikuwa kimya akimlisha mtoto. Mama akamgeukia: "Na wewe mwanangu, mbona husemi?"

"Mimi Mama sina la kusema. Nilikuwa nakata maua tu. Tangu yalipoanza kuchanua sikupata hata siku moja ya kupalilia."

Niliiandika sentensi hiyo kama ilivyo. Usiku ule nikafungua daftari, na badala ya kuhesabu mbegu nikahesabu saa.

Hesabu ya saa

Nilianza na saa ambazo watu wanazo kweli, sio zile wanazozitamani. Baba 18 kwa wiki, Mama 24, kaka 10, wifi 14. Jumla 66. Nilimwuliza kila mmoja peke yake, kwa sababu mbele ya Baba kila mtu huongeza.

Kisha kazi. Tuta moja la zinia likiwa limechanua sawasawa hukatwa mara tatu kwa wiki. Kukata, kupukusa majani ya chini, kufunga mafungu ya mashina kumi na kuyaingiza kwenye maji ni kama saa moja na dakika 20 kwa kila mkato. Hiyo ni saa nne kwa wiki kwa tuta moja. Msimu uliopita tulikuwa na matuta 18 yaliyochanua kwa wakati mmoja. Zidisha: saa 72 za kukata peke yake, kwenye familia yenye saa 66 za kila kitu.

Hapo sikuhitaji kuendelea sana. Magugu, nyavu za kushikilia mashina zilizochelewa, ndoo chafu, miche iliyozeeka kitaluni, vyote vilitokana na hapo. Tulikuwa tumepanda zaidi ya mikono yetu, na kila kazi ambayo haikupiga kelele siku hiyo iliahirishwa.

Kwa hiyo tukageuza swali. Tukitoa saa 10 za palizi, 3 za maji, 8 za kupeleka maua kwa wateja na 6 za kupanda awamu inayofuata, zinabaki 39. Kwa saa nne kila tuta, tunaweza kubeba matuta tisa yaliyochanua kwa wakati mmoja na kubakiwa na saa tatu za dharura. Tisa. Sio 24.

Kwa kuwa mimea haichanui yote pamoja ukiipanga vizuri, matuta tisa yenye maua yanawezekana kwenye matuta 16 yaliyopandwa. Mengine manane yasubiri. Baba aliposikia manane yasubiri, alinyanyuka akaenda nje. Aliporudi alisema neno moja, kwamba yeye hajawahi kumlipia mtu ardhi ili aitazame. Hoja hiyo haikuisha siku ile, na sitajifanya kwamba nilimshinda. Tulichokubaliana ni kwamba manane yale yapandwe mikunde ya kufunika udongo, ifyekwe ikianza kutoa maua na kuachwa palepale, ili mwakani yawe na udongo bora kuliko haya 16. Alikubali kwa sura ya mtu anayekubali dawa chungu.

Kuhesabu kinyumenyume

Kosa la Jumamosi ile halikuwa uzembe. Mama alisia siku moja kwa sababu siku moja ndiyo aliyoipata. Lakini mimea haina mwendo mmoja. Zinia inakaa kitaluni wiki tatu hadi nne tu, na toka mbegu mpaka ua ni siku 60 hadi 75. Snapidragoni inataka wiki nane kitaluni na karibu miezi minne mpaka ua la kwanza. Alizeti za shina moja zinapandwa moja kwa moja ardhini na kukatwa ndani ya siku 50 hadi 60. Lisianto ni msafiri wa mbali: mbegu yake ni kama vumbi, inataka mwanga ili iote, na mche wake unaweza kuchukua wiki kumi au kumi na mbili kabla ya kufaa kupandikizwa. Ukizisia pamoja umezialika kwenye karamu moja kwa saa tofauti.

Tulichukua karatasi ndefu, katikati tukaandika wiki ya kupandikiza. Kwa wengine wiki hiyo inaamuliwa na baridi kuisha, kwa wengine na mvua. Mradi ni wiki ambayo mche ukitoka nje hautakufa. Kutoka hapo tukarudi nyuma. Snapidragoni: wiki nane kabla. Statisi na selosia: wiki sita. Zinia za kwanza: wiki nne, za pili wiki tatu baada ya za kwanza, za tatu wiki tatu tena. Alizeti: nusu tuta kila siku kumi, kwa sababu alizeti ya shina moja hutoa ua moja na kazi yake imekwisha, huwezi kuikata leo ukairudia Jumatano. Lisianto tuliamua kununua miche iliyokwishaoteshwa. Mama alilalamika kwamba ni kununua kazi ya watu. Ni kweli, na ndicho hasa tulichokuwa tunanunua: wiki kumi za mtu mwingine za kuangalia vumbi.

Mpangilio wa mwisho ulikuwa zinia matuta manne, snapidragoni matatu, dalia matatu, alizeti mawili, selosia mawili, statisi moja, lisianto moja.

Kuna ujanja mmoja mdogo ambao nilikuwa nausikia na sikuwa nauamini mpaka mwaka huu. Snapidragoni ikifika sentimita 15 hadi 20 hukatwa ncha, ukiacha jozi tatu au nne za majani, ili itoe matawi. Kukata ncha kunachelewesha ua kwa wiki mbili hadi tatu. Kwa hiyo kata ncha nusu ya tuta na uache nusu. Nusu iliyoachwa inatoa shina moja nene mapema, nusu iliyokatwa inafuata na mashina mengi. Tuta moja, mbegu moja, siku moja ya kupanda, na umepata awamu mbili bila kuongeza saa hata moja.

Kuhusu mbegu za zamani, Mama hakukosea sana. Tulihesabu mbegu 20 za kila aina, tukaziviringisha kwenye karatasi laini yenye unyevu, tukaziweka mahali pa joto ndani ya mfuko. Zinia zikaota 17. Statisi sita. Statisi zikatupwa, zinia zikabaki, na mjadala wa mbegu mbovu uliokuwa umechukua kikao kizima ukamalizwa na karatasi ya kujipangusa.

Udongo haukuwa umechoka

Baba alitaka samadi, mimi nikataka kipimo kwanza. Tulichukua udongo sehemu kumi na mbili za shamba, kina cha jembe, tukauchanganya kwenye ndoo safi na kupeleka sampuli maabara.

Majibu yalimshangaza. Fosforasi ilikuwa juu kupita kiasi, mboji ya kutosha, na pH, kipimo cha uchachu wa udongo, ilikuwa 5.6. Miaka yote ya samadi ilikuwa imejilimbikiza, kwa sababu samadi ikimwagwa kwa kiwango cha kutosheleza naitrojeni huleta fosforasi zaidi ya mimea inavyotumia, nayo haiondoki upesi. Mimea mingi ya maua ya kukata inapenda pH kati ya 6 na 7, kwa hiyo shamba lilihitaji chokaa ya kupunguza uchachu. Samadi zaidi ingetupa majani mapana, mashina laini yasiyosimama na maua machache, na vidukari wangeshukuru.

Chokaa ya kilimo haifanyi kazi kwa wiki moja. Inachukua miezi. Ndiyo maana ilikuwa ya kwanza kuingia shambani, kabla hata ya kusia mbegu, ikachanganywa na udongo wa juu. Hatukuiweka pamoja na samadi, kwa sababu vikikutana naitrojeni inapotea hewani kama amonia, ile harufu inayochoma pua. Baba alilibakiza rundo lake la samadi pembeni. Hajaligusa, ila naona analitazama.

Magugu tuliyamaliza kwa turubai jeusi. Unalisafisha tuta, unalilowesha, unalifunika. Mbegu za magugu zinaota kwa joto na unyevu, zinakosa mwanga, zinakufa. Tuliacha wiki tano. Tulipofunua, udongo ulikuwa laini na umejaa minyoo, na nyuzi nyeupe za magugu yaliyokufa zilikuwa zimelala juu yake. Ila ndago haikufa. Ilikuwa imetoa machipukizi ya manjano yenye ncha kali chini ya turubai, hai kabisa, kwa sababu ina akiba kwenye vijiazi vyake huko chini. Tuta la 11 lilikuwa limejaa. Tukaliingiza kwenye yale manane ya kusubiri, na kwa mara ya kwanza Baba hakubisha.

Baada ya kufunua hatukulima tena. Hili kaka alilisahau kwenye tuta moja, akapitisha jembe-uma ili lipendeze, na ndani ya siku nane likawa la kijani. Ukigeuza udongo unaleta juu mbegu nyingine ambazo hazikuwa zimepata zamu.

Makopo kumi

Hoja ya kaka ya maji ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyonipa asubuhi nzuri kuliko zote.

Wifi alikusanya makopo kumi yanayolingana. Tuliyaweka chini ya matundu ya laini ya matone, ule mpira wa kumwagilia, matano mwanzoni mwa tuta, matano mwishoni. Kaka akafungua maji, mimi nikashika saa. Dakika kumi. Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akihesabu kila tone kwa sauti, akirukia kutoka nne kwenda tisa. Tulipofunga, makopo ya mwanzo yalikuwa na mililita 260 hivi kila moja. Ya mwisho, 90.

Yaani mwisho wa tuta ulikuwa unakunywa theluthi tu ya mwanzo, msimu mzima, na sisi tukilaumu mbegu.

Kaka alifungua chujio. Lilikuwa na utando wa kahawia mnene kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Akafungua na vifuniko vya mwisho wa laini moja baada ya nyingine, maji yakatoka meusi, kisha kahawia, kisha yakawa safi. Laini mbili panya walikuwa wamezitoboa na tukaziunga. Tukarudia makopo: 265 na 235. Tofauti hiyo naivumilia. Sasa chujio linaoshwa kila Jumamosi na mwisho wa laini unafunguliwa mara moja kwa mwezi, na hizo ndizo saa tatu za maji nilizozitaja juu.

Kwenye kitalu sitakaa sana. Trei zilisuguliwa kwa sabuni na kuloweshwa kwenye maji yenye klorini, udongo wa mwaka jana haukurudiwa, miche ilinyweshwa kwa chini na mlango ukaachwa wazi mchana. Kinyausi, kile kinachoangusha mche shingoni kama umekatwa na uzi, kinapenda trei chafu, unyevu uliokwama na hewa iliyolala. Tulipoteza trei moja. Msimu uliopita tulipoteza sita.

Dalia na deni la mwaka jana

Viazi vya dalia vilikuwa kwenye maboksi, vimefukiwa ndani ya maranda. Wifi ndiye mwenye mkono wa kuvigawa. Dalia haichipui mahali popote kama kiazi cha kawaida. Jicho liko shingoni tu, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani, na kiazi kikubwa chenye afya kisicho na kipande cha shingo hiyo kitakaa ardhini msimu mzima bila kutoa kitu. Kilichovunjika shingo pia hakina kazi. Tulipata vizima 290, na matuta matatu kwa sentimita 45, mistari miwili kila tuta, yanahitaji kama 264.

Hapo ndipo tulipolipa deni. Msimu uliopita baadhi ya dalia zilikuwa na majani yenye michirizi ya manjano kando ya mishipa na mimea imedumaa, dalili za virusi vya mozaiki. Virusi hivyo havina dawa. Vinabebwa na vidukari, vinabebwa na mkasi, na vinakaa ndani ya kiazi mpaka msimu unaofuata. Lakini ukikitazama kiazi kikavu, kibovu na kizima vinafanana. Alama ilitakiwa kuwekwa wakati majani yapo, na hatukuweka.

Tulichookolewa nacho ni simu ya wifi. Alikuwa anapiga picha matuta kwa ajili ya wateja, na kwa kulinganisha picha na maboksi yaliyoandikwa mistari tuliweza kutoa mstari mzima wa tuta la sita, viazi 40, pamoja na vizima vyake. Tukabaki na 250. Mama aliumia kutupa vizima. Nadhani tulifanya sawa, ila nakiri hatukuwa na uhakika wa kila kimoja. Mwaka huu kuna utepe mwekundu umefungwa kwenye mti wa mlangoni: ukiona jani la ajabu, unakata kipande, unafunga. Kisu na mkasi vinachovywa kwenye dawa kati ya mmea na mmea.

Kingine tulichobadilisha ni kuacha kumwagilia. Dalia iliyopandwa haipewi maji mpaka chipukizi litokeze, maana kiazi hakina mizizi ya kuyanywa na kinaoza tu. Baba alivumilia siku 12 akizunguka na keni mkononi.

Ndoo

Mteja mmoja msimu uliopita alisema maua yetu yanakufa siku ya pili. Tukadhani anatafuta punguzo. Wifi alipoingiza mkono kwenye ndoo moja iliyokuwa stoo, ukatoka na utelezi. Utelezi huo ni wa bakteria, na hao hao ndio wanaoziba mirija ya shina, na ua linakauka huku limesimama kwenye maji. Ndoo zote 32 zilisuguliwa kwa brashi na klorini, na tukaweka kanuni moja ya kijinga inayofanya kazi: kama usingekunywa maji kwenye ndoo hiyo, usiweke ua.

Tuligundua pia kwamba stoo ile ile ilikuwa inahifadhi matunda yanayoiva. Matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini, na snapidragoni ikiivuta inadondosha vichanua vyake kana kwamba imezeeka. Matunda yakahamishwa. Snapidragoni vilevile hazilazwi. Zikilazwa saa chache ncha inajipinda kuelekea juu na hainyooki tena. Zinasafiri zimesimama.

Jioni moja tulitumia kufundishana muda wa kukata, kwa sababu kila mtu alikuwa na wake. Zinia: shika shina sentimita 20 chini ya ua, tikisa, likiyumba kama shingo ya kuku bado, likisimama imara kata. Dalia haifunguki tena baada ya kukatwa, kwa hiyo ikatwe ikiwa imefunguka robo tatu au zaidi. Snapidragoni theluthi ya chini ikiwa wazi. Alizeti petali zikianza tu kuinuka kutoka usoni. Wifi alibandika michoro ukutani, na mchoro wake wa dalia unafanana na kabichi, lakini unaeleweka.

Nyavu za matundu ya sentimita 15 zilitandazwa juu ya snapidragoni mimea ikiwa bado mifupi, ipenye yenyewe. Msimu uliopita tuliziweka baada ya mvua kuilaza, tukavunja mingi kuliko iliyovunjwa na mvua.

Mkato wa kwanza

Zinia za awamu ya kwanza zilifika sentimita 60. Asubuhi ya mkato wa kwanza nilikuwepo na saa. Mama na wifi walikata, kaka akafunga. Nilikuwa nimeandika dakika 80. Zilikuwa 100.

Nilirudia mkato wa pili, nikapata 100 tena. Majani ya zinia yanachukua muda kupukusika kuliko nilivyokadiria, na mashina marefu yana majani zaidi. Kwa hiyo kila tuta ni saa tano kwa wiki, sio nne. Tisa mara tano ni 45, ongeza 27 za kazi nyingine: saa 72 kwa watu wenye 66. Hesabu niliyokuwa nimeisimamia mbele ya familia nzima ilikuwa na tundu, na matuta yote yalikuwa yameshapandwa.

Niliwaeleza jioni. Nilipendekeza tung'oe tuta moja la zinia na moja la snapidragoni. Mama akaniangalia kama mtu aliyemtukana mtoto wake.

Baba ndiye aliyeuliza: "Hizi selosia, lazima zikatwe kila baada ya siku mbili?"

Si lazima. Selosia inaweza kuachwa ikomae, ikakatwa yote kwa siku moja na kuning'inizwa kichwa chini mahali pakavu, penye giza na hewa, ikauzwa kama ua kavu baada ya msimu wa pilika kwisha. Matuta mawili yakatoka kwenye mzunguko wa wiki. Saba mara tano ni 35, na 27 ni 62.

Kesho yake asubuhi alikuwa stoo, pale yalipokuwa matunda, akipigilia misumari na kufunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kwa urefu asiohitaji kuinama.